Umbo Lililolala Nyuma ya Duka



Chukueni karatasi na kalamu, muorodheshe maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Bara Hindi. Mkono hautakawia kujaa. Jikoni mtaandika chapati, bajia na kachumbari. Barabarani mtaandika gari na gunia. Mwilini mwa bibi harusi mtaandika bangili, na kwa mfua nguo mtaandika dobi. Mkiingia katika mambo ya fedha mtakuta pesa, rupia, laki, hundi na bima. Mtakuta pia bepari, neno lililomaanisha mfanyabiashara tu, mpaka siasa ya karne ya 20 ilipolivisha kiambishi cha u- na kulifanya tusi la jukwaani. Na washairi wasijione wako mbali na orodha hii. Diwani zao zinachapishwa, na mzizi wa kitenzi hicho ni chapa, nalo lilivuka bahari ile ile.

Sasa geuzeni karatasi, mwandike upande wa pili maneno ya ibada yaliyotoka huko huko. Puja, murti, prasad, mandir: hakuna hata moja linalotumiwa na mkulima wa mpunga hapa Ndungu, wala na mvuvi wa Tanga. Tunapozungumzia mambo hayo tunasema ibada, sanamu, sadaka, hekalu, yaani tunakopa kwa Mwarabu ili kumweleza Mhindi. Labda Diwali peke yake ndiyo iliyopenya, nayo ilipenya kwa sababu siku hiyo maduka yalifungwa, taa zikawashwa barazani na watoto wa mtaa wakaonja halua na ladu. Watu wawili waliishi ukuta kwa ukuta kwa zaidi ya miaka mia moja, wakauziana kila kitu, lakini neno la kumwita Mungu aliyekaa chumba cha nyuma halikuvuka kizingiti.

Hilo ndilo ninalotaka kulichunguza leo: historia ya ibada ya Kihindu ya nyumbani katika nchi zetu, na jina tulilolipa kile kinachoabudiwa.

Kwanza tuweke mipaka. Kiswahili kina Mhindi na Mhindu, na irabu moja tu ndiyo inayotenganisha asili na imani. Nimesahihisha insha nyingi mno ambazo zilizichanganya. Wahindi wengi waliofika Afrika Mashariki hawakuwa Wahindu: walikuwepo Makhoja, Mabohora, Wagoa ambao ni Wakatoliki, na Masingasinga ambao mitaani tuliwaita Makalasinga. Sewa Haji, ambaye mali yake ilijenga hospitali na shule Bagamoyo na Dar es Salaam, alikuwa Mwislamu wa Kiismaili. Wahindu hasa ndio waliokuwa wakiitwa Mabaniani, jina lililotokana na neno la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara. (Mahindi, yale tunayoyatwanga, yana jina la India ingawa asili yake ni Amerika. Lugha haichunguzi hati za kusafiria.)

Ushahidi wa kale ninaoufahamu wa picha takatifu ya Mhindi ndani ya nyumba ya pwani yetu ni wa Aprili 1498, nao umetujia kupitia macho ya mtu asiyejua anachokitazama. Merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, mabaharia wawili walitumwa mjini. Baada ya kumwona mfalme walipelekwa katika nyumba ya wafanyabiashara wawili ambao Wareno waliambiwa, au walidhani, kuwa ni Wakristo. Wenyeji hao wakawaonyesha karatasi waliyokuwa wakiiabudu, yenye mchoro ambao Wareno waliuona kuwa ni Roho Mtakatifu. Habari hii imo katika kumbukumbu ya safari ambayo wengi huamini iliandikwa na Álvaro Velho. Karne nyingi baadaye Richard Burton, alipokuwa akifafanua kazi ya mshairi wa Kireno Camões, alikisia kwamba mchoro ule ulikuwa wa mungu-njiwa wa Kihindu, mmoja wa sura za Shiva. Mkristo alimwona njiwa, akamkumbuka njiwa wake. Makisio ya Burton siwezi kuyathibitisha, lakini yanaingia akilini kuliko hadithi ya Wakristo wawili wa Kihindi waliojificha Mombasa.

Siku chache baadaye, Malindi, mambo yalizidi kuchanganyika. Bandarini palikuwa na vyombo vinne vya watu wa India, wenye nywele ndefu zilizosukwa na ndevu, wasiokula nyama ya ng'ombe. Walipopanda merikebu walionyeshwa picha ya madhabahu: Bikira Maria chini ya msalaba, mikononi mwake Yesu, na mitume wamezunguka. Wale wageni wakasujudu. Kwa muda wote Wareno walipokuwa pale walikuja kuiombea picha ile, wakileta karafuu na pilipili manga. Na da Gama alipopita na mashua karibu na vyombo vyao, waliinua mikono wakapaza sauti, na masikio ya Kireno yakasikia jina la Kristo. Wanahistoria wengi wanadhani walichotamka ni Krishna.

Hebu tulitazame tukio hili kama watu wa lugha. Konsonanti mbili za mwanzo ni zile zile, irabu ya kwanza ni ile ile, na umbali wa maji kati ya mashua na chombo ukameza kilichosalia. Kosa hilo la sikio liliwafuata Wareno hadi Calicut, walikoingia hekalu la Kihindu wakidhani ni kanisa, wakaomba humo. Mwandishi Castanheda anasimulia kwamba mmoja wao, João de Sá, alipopiga magoti alitahadhari kwa kutamka kwamba, hata kama hayo yaliyochorwa ukutani ni mashetani, yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Da Gama, anasema, alimtazama akatabasamu.

Tuje karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan alipoufanya Unguja kuwa makao yake, alikuja na mazoea ya Muscat, mji ambao Mabaniani wa Kachchh walikuwa wamefanya biashara humo kwa vizazi vingi. Mpaka leo Muscat lipo hekalu la Shiva karibu na kasri ya Al Alam. Unguja, ushuru wa forodha ulikodishwa kwa miongo mingi na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Mundra, bandari ya Kachchh. Wakala wake maarufu, Ladha Damji, anatajwa na karibu kila mpelelezi wa Kizungu aliyepita akitafuta wapagazi na mikopo. Pembe za ndovu zilizoshuka kutoka huku kwetu, kwa njia ya misafara iliyopita chini ya milima ya Upare kuelekea Pangani na Tanga, zilikuwa zimekwisha kulipiwa kwa nguo na shanga za mkopo wa Baniani kabla tembo hajauawa. Kwa hiyo fedha ya Mhindu ilifika Upare kabla ya Mhindu mwenyewe.

Wabhatia wengi, kama walivyo Walohana wengi, walikuwa wafuasi wa njia ya Vallabhacharya, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1479 na kufariki mwaka 1531. Njia hiyo inamwabudu Krishna, hasa Krishna mtoto. Ndani yake tunakuta jambo ambalo neno letu sanamu halina mikono ya kulibeba.

Mfuasi wa njia hii hawi na sanamu nyumbani kwa maana ya pambo, wala kwa maana ya alama ya kumkumbushia Mungu aliye mbali. Anaye Krishna mwenyewe. Wanaliita umbo hilo svarup, yaani umbo lake hasa, na kwa heshima ya kila siku humwita Thakorji, Bwana. Na wanachomfanyia hawakiiti puja bali seva, utumishi. Alfajiri huamshwa. Huogeshwa, huvishwa nguo za majira, nyepesi wakati wa joto na zenye pamba wakati wa baridi, hupambwa, huandaliwa chakula cha mchana kilicho bora kuliko cha mwenye nyumba. Kisha mlango au pazia hufungwa, apumzike. Alasiri huamshwa tena, hulishwa, jioni huzungushiwa taa, na usiku hulazwa. Katika mahekalu makubwa ya njia hii siku imegawanywa katika nyakati nane za watu kumwona Bwana. Nyumbani mpango huo hupunguzwa kulingana na uwezo wa familia, lakini mwendo wa siku ni ule ule. Na hekalu lenyewe hawaliiti mandir. Huliita haveli, neno linalomaanisha jumba la kuishi. Mahali pengine watu hujenga nyumba ya Mungu kisha wakaenda huko kumtembelea, ila kwa hawa hata hekalu lilijengwa kwa mfano wa nyumba.

Chakula alichokwisha kuonja Bwana ndicho kinacholiwa na familia, na huko kula ndiko kupokea neema. Mtaona basi kwa nini jiko lilikuwa sehemu ya madhabahu, na kwa nini mpishi, maji, moto na hata kivuli cha mgeni vilikuwa mambo ya kuangaliwa sana. Majirani wengi wa Kiafrika, na wa Kiarabu pia, waliyaona hayo kuwa ni majivuno. Yalikuwapo majivuno, sitayafunika. Ubaguzi wa tabaka ulisafiri pamoja na mizigo, na Mwafrika aliyefanya kazi katika nyumba hizo aliujua kwa ngozi yake. Lakini mtu akieleza ukali wa jiko kwa majivuno peke yake atakuwa ameacha nusu ya habari nje.

Kulikuwa na tatizo jingine. Kwa Mhindu wa tabaka la juu wa wakati huo, kuvuka bahari kulimtia najisi. Wabhatia walivuka hata hivyo, wakajitakasa waliporudi, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 waliwaacha wake zao nyumbani Kachchh. Fikirieni basi nyumba ya mawe Unguja iliyojaa wanaume tupu, makarani na vijana wa mafunzo, hakuna mama wa nyumba wala nasaba ya makuhani mtaani. Nani atamwamsha Bwana alfajiri, nani atamlaza? Mwenye duka mwenyewe. Nadhani hapa ndipo ibada ya nyumbani ilipojipatia nguvu katika nchi zetu. Dini iliyoweza kutimizwa na mtu mmoja mbele ya kabati dogo ndiyo iliyoweza kusafiri.

Na ilisafiri kwenda bara. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893. Ulijikongoja mno, ukafika Mombo mwaka 1905, kisha ukapita chini ya milima yetu, Mkomazi, Makanya, Same, hadi Moshi kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Kila kituo kilizaa duka, na duka nalo likazaa chumba cha nyuma. Mashamba ya mkonge yalipoenea ukanda huo, vibarua walihitaji sukari, mafuta ya taa na kaniki. Mjini kama Moshi au Tanga Wahindu walikuwa wa kutosha kujenga hekalu. Kwenye vituo vidogo palikuwa na familia moja au mbili, na kwao kabati lilikuwa hekalu, baba alikuwa kuhani, na kengele ilikuwa ndogo kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili.

Kengele hiyo niliisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mvulana, nilitumwa dukani mjini Same, saa nane za mchana, jua likichoma. Nikaita kwa sauti, kama watoto wanavyoita. Mzee wa Kipare aliyekuwa akifanya kazi pale akanyanyua kidole: "Taratibu, mwanangu. Amelala." Nikadhani kuna mtoto mchanga. Nilipokuwa nikipimiwa sukari pazia la nyuma lilipeperuka, nikaona kabati la mbao lililofungwa kwa kitambaa chekundu, na mbele yake kikombe kidogo cha fedha, basi. Wakati nafunga kifurushi kengele ikalia ndani, nyembamba, na yule mzee akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Haya, ameamka." Miaka mingi ilipita kabla sijasoma habari za mapumziko ya alasiri ya Thakorji na kuelewa ni nani aliyekuwa amelala.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu ya sarufi. Yule mzee hakusema "imelala". Ngeli ya sanamu, kama tulivyofundishwa na kama nilivyofundisha, ni I-ZI: sanamu hii, sanamu hizi. Wengine huiingiza katika LI-YA, sanamu hili, masanamu haya, na hapo ukubwa hugeuka dharau. Sikilizeni jinsi neno "masanamu" linavyotamkwa katika mahubiri. Lakini yule mfanyakazi, ambaye sidhani kama alikuwa na imani hiyo, alitumia upatanisho wa A-WA, wa watu na viumbe wenye uhai. Alikuwa ameusikia katika nyumba ile na akauheshimu. Kiambishi kimoja cha a- kilibeba theolojia nzima ambayo kamusi zetu hazijaigusa.

Tulitazame sasa neno lenyewe. Sanamu ni la Kiarabu, na huko ni zito: ndilo linalotumika kwa masanamu aliyoyavunja Nabii Ibrahim. Lilipofika pwani lilipanuka, likawa picha, mfano, kinyago, hata umbo la mtu lililochongwa bila nia yoyote ya ibada. Askari wa shaba aliyesimama Dar es Salaam tangu mwaka 1927 ni sanamu, na hakuna aliyewahi kushukiwa kumwabudu. Kisha Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union, ikalitumia katika amri ya kukataza, na uzito wa zamani ukarudi. Leo neno hilo lina sura mbili. Likisimama peke yake ni la sanaa. Likifuatana na kuabudu ni mashtaka. Ukisema "Wahindu wanaabudu sanamu" umetoa hukumu kabla hujatoa habari, hata kama moyo wako ni safi.

Mhindu mwenyewe husema nini? Murti, katika Kisanskriti, ni kile kilichopata umbo, kilichoganda kikashikika. Fundi akimaliza kazi yake, alichonacho ni shaba au jiwe tu. Katika desturi nyingi panahitajika ibada ya kulitia umbo pumzi, prana pratishtha, ndipo linapokuwa makao ya Mungu. Na kwa maumbo ya udongo ya sikukuu, kama ya Ganesh, baada ya siku zilizowekwa Mungu huagwa na udongo ukarudishwa majini. Umbo likivunjika halitengenezwi kwa gundi likaendelea kuabudiwa. Hupelekwa kwenye maji yapitayo. Mtu anayeamini kwamba shaba yenyewe ndiyo Mungu hawezi kuwa na ibada ya kumkaribisha na nyingine ya kumuaga.

Wala msidhani Wahindu wote wanakubaliana. Mkosoaji mkali kuliko wote wa ibada hii alikuwa Mhindu, tena wa Gujarat: Dayananda Saraswati, aliyezaliwa mwaka 1824. Alisimulia kwamba utotoni, katika mkesha wa Shivaratri, aliona panya wakipanda juu ya umbo la Shiva na kula sadaka, akajiuliza ni Mungu gani asiyeweza kumfukuza panya. Mwaka 1875 alianzisha Arya Samaj mjini Bombay, kundi lililokataa maumbo na kurejea kwenye Veda na moto wa sadaka. Arya Samaj iliingia Nairobi mwaka 1903, ikaenea Unguja na Dar es Salaam. Kwa hiyo katika miji yetu ungeweza kumkuta Mhindu mwenye kabati na kengele, na jirani yake, Mhindu vile vile, anayeliona kabati hilo kuwa ni upotofu. Ugomvi huo ulifanyika kwa Kigujarati na Kihindi, nyuma ya maduka yale yale, na sisi tuliokuwa mbele tukinunua chumvi hatukuusikia.

Upareni tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu katika kuhukumu. Wamisionari wawili wa Kijerumani waliiandikia Ulaya habari za dini ya wazee wetu. Jakob Dannholz, Mlutheri wa Mbaga, alichapisha kitabu chake mwaka 1916. Ernst Kotz, Msabato aliyetunga pia sarufi ya Chasu, alichapisha chake mwaka 1922. Vitabu vyote viwili vina neno moja la Kijerumani katika jina, Bann, lenye maana ya kifungo cha kichawi: cha Dannholz ni kifungo cha imani ya mizimu, cha Kotz ni kifungo cha hofu. Walikuwa watafiti makini, na bila wao tungepoteza mengi. Lakini jina la kitabu lilikuwa limekwisha kumfunga mzee wa Kipare kabla hajafungua kinywa. Wazee wale hawakuwa na umbo la Mungu kabatini. Walikuwa na misitu ya mshitu, na mafuvu ya wahenga yaliyotunzwa mahali pa siri na kupelekewa tambiko. Ukiwauliza kama waliabudu mafuvu wangekushangaa. Walikuwa wakizungumza na baba zao.

Na Mungu walimwita Kyumbe. Hapa naomba washairi wasogeze viti. Mzizi ni -umba, ule ule uliotupa kuumba, umbo, maumbile. Lakini Kiswahili kina kiumbe, na kiumbe ni kile kilichoumbwa. Chasu kina Kyumbe, naye ndiye anayeumba. Neno moja limesimama mlimani likiwa Muumba, likateremka tambarare likawa kilichoumbwa. Sijui lugha nyingine iliyoweka mjadala wote wa murti ndani ya silabi tatu kwa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo mimi huandika umbo pale ninapotaka kutafsiri murti, na sanamu naiacha kwa askari wa shaba. "Familia ile ilikuwa na umbo la Krishna" si sentensi ya kutetea wala ya kushtaki. Atakayeona umbo ni pana mno na aongeze takatifu. Atakayependa kulichukua murti lenyewe na kulitia irabu ya mwisho, sina ugomvi naye, maana tayari irabu hiyo linayo. Ni ajabu kwamba neno lililokuwa tayari kwa Kiswahili namna hii lilikaa nje mlangoni muda wote huo.

Kwa nini lilikaa nje? Mwalimu wa Kiislamu na padri walihitaji Kiswahili, kwa sababu walitaka tuingie. Mhindu hakutafuta mfuasi, kwa hiyo hakutafuta neno. Lugha ya meza ya duka ilikuwa Kiswahili, lugha ya pazia ilikuwa Kigujarati au Kikachchhi. Bajia ilivuka kwa sababu iliuzwa, hundi kwa sababu ilidaiwa. Ile methali ya Baniani mbaya na kiatu chake kilicho dawa ni methali ya watu waliomfahamu mtu barazani tu: ubahili wake, manufaa yake, kiatu chake alichokivua mlangoni. Kule alikokuwa akienda baada ya kukivua haiendi.

Kuna kitu kimoja hata hivyo kilichokuwa pande zote mbili za pazia, nacho ni daftari. Wakati wa Diwali, mwisho wa mwaka wao wa hesabu, wafanyabiashara wa Kigujarati huleta vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa mali, na Saraswati, mungu wa elimu na usemi. Ibada hiyo huitwa chopda pujan. Ukurasa wa kwanza huandikwa neno Shri, mara nyingi likipangwa mstari juu ya mstari, moja, kisha mawili, kisha matatu, mpaka linajenga piramidi. Huandikwa pia maneno mawili, la heri na la faida. Ndipo kurasa zinazofuata zipokee madeni ya mwaka. Jina la mkulima wa Upareni aliyekopa jembe na khanga mbili liliandikwa kwa hati ya Kigujarati asiyoweza kuisoma, ndani ya kitabu kilichokwisha kuabudiwa. Tulizoea kuliogopa daftari lile kwa sababu ya deni. Mwenye duka naye aliliogopa, kwa sababu nyingine.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mambo yalikwenda haraka. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya watu wenye asili ya India. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na wa Tanzania wakasoma alama. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na duka la mtu binafsi kijijini likaamriwa kupisha duka la ushirika. Familia nyingi ziliondoka, kwenda Dar es Salaam, Leicester, London, Toronto.

Umbo lililotiwa pumzi haliachwi katika nyumba tupu. Ama linakabidhiwa kwa atakayelitumikia, ama linaagwa na kutiwa majini, ama linafungwa ndani ya nguo na kuondoka na wenyewe. Wafuasi wa Vallabha wanao mfano mkuu wa safari hiyo: Shrinathji, umbo lao tukufu kuliko yote, liliondolewa katika kilima cha Govardhan mwaka 1669 kwa kuhofia majeshi ya Aurangzeb, likasafiri kwa gari la ng'ombe hadi Rajasthan, na mahali gari lilipokwama kwenye matope ndipo, wanasema, Bwana alipochagua kukaa; leo panaitwa Nathdwara. Kwa watu waliolelewa na simulizi hiyo, kumbeba Thakorji mapajani ndani ya basi la Same kwenda Dar es Salaam halikuwa jambo geni.

Nina ombi moja kwa wasomaji. Wapo kati yenu, au kati ya wazazi wenu, waliokuwa wapishi, mayaya na wauzaji katika nyumba hizo, Tanga, Korogwe, Moshi au Same. Hao walilipita pazia. Yalikuwepo maneno waliyoyatumia jikoni kwa kile chakula cha Bwana kisichoonjwa kabla yake, kwa kengele, kwa taa ya samli, kwa saa za kunyamaza. Yaandikeni mnitumie kama yalivyotamkwa, pamoja na upatanisho wake wa kisarufi. Ningependa hasa kujua ni wangapi waliosema "amelala".